Anaujua mwisho, mbona bado anasoma?

Shikamoo Shangazi,

Nimeisoma safu hii kwa muda mrefu bila kudhani siku moja na mimi nitaandika. Ni mume na baba wa watoto wawili. Sina tatizo la fedha, sina la ulevi, na hakuna mtu wa tatu. Tatizo langu, ukilitazama kwa mbali, litakuchekesha. Ni vitabu.

Mke wangu ni mtu wa akili. Ni mhasibu, na kazini kwao ndiye anayeitwa hesabu zikikataa kukubaliana. Tulipokuwa wachumba tulibadilishana vitabu na kubishana juu yake hadi usiku wa manane. Siku hizi anasoma kitu kimoja tu: riwaya za mapenzi, zile nyepesi, majalada ya rangi za kung'aa, mchoro wa watu wawili wamesimama mbele ya duka la vitabu au la maua, na paka dirishani. Alianza baada ya msiba wa mama yake, mwaka juzi. Sikuona ubaya, nikajua atachoka. Hajachoka. Akimaliza kimoja anaanza kingine usiku uleule, na vyote, Shangazi, ni kitabu kimoja.

Nasema kwa ushahidi. Nilichukua kimoja nikakisoma chote, nisije nikaambiwa nahukumu nisichokijua. Msichana anaacha kazi ya jiji kubwa na kurudi kwenye mji mdogo alikokulia, kwa kuwa amerithi duka la vitabu la bibi yake. Duka lina madeni. Jirani ni seremala mwenye kununa, hataki kuongea na mtu. Wanagombana juu ya ukuta. Mvua kubwa inawafungia ndani. Ukurasa wa kumi nilishajua wataoana, na ukurasa wa mwisho akamposa. Katikati hapo hakuna aliyetekwa, hakuna siri ya serikali, hakuna hata wizi. Kuna sura nzima ya watu wawili kupaka rangi rafu! Mimi ni msomaji wa riwaya za upelelezi na ujasusi, nimezoea kitabu kinachonifanya nisahau kupumua. Naomba unifafanulie: mtu mzima, mwenye shahada yake, anapata nini ndani ya hadithi ambayo mwisho wake anaujua kabla hajaifungua?

Usiku mmoja nilimkuta analia, kitabu mkononi. Nikashtuka, nikamuuliza nani amekufa. Akasema, "Hakuna aliyekufa. Wamepatana." Nikacheka sana. Yeye hakucheka.

Kisha kuna jambo la wageni. Tulikuwa na marafiki nyumbani, mazungumzo yakaangukia vitabu, nami nikawatania: mke wangu ana wanaume wengi, kila wiki seremala mpya. Nikawasimulia na ile ya kulia. Watu walicheka hadi wakafuta machozi, hata yeye alitabasamu. Ulikuwa utani tu. Lakini tangu siku hiyo vitabu vimetoweka mezani. Anasoma kwenye simu, na nikiingia chumbani anaizima. Nikimuuliza anasoma nini, ananijibu, "Mambo ya kazi."

Sasa niambie. Vitabu hivi vinamharibu? Ananilinganisha na wanaume wa kubuni? Ananikimbia? Mimi sijui kuzungumza kama wanaume wa vitabuni na umri wa kujifunza umenipita. Siku yake ya kuzaliwa inakaribia, nami nimefikiria kumnunulia kitabu cha maana, fasihi hasa, ili turudi tulikokuwa. Ni wazo zuri?

Mume wa Msomaji

*

Marahaba, mwanangu.

Jibu la swali lako la mwisho ni hapana, usimnunulie. Nimelitanguliza usije ukaenda dukani kabla hujamaliza kusoma.

Tuanze na hilo la mwisho unaojulikana, maana ndilo lililokukera kuliko yote. Huyo jasusi wako amepigwa risasi, ametupwa baharini, amefungwa kwenye kiti huku bomu linahesabu. Kitabu kinachofuata yupo, na suti imepigwa pasi. Ulikuwa na wasiwasi gani hasa? Na mpelelezi je: umewahi kufika sura ya mwisho ukakuta anasema muuaji hakujulikana, kila mtu arudi nyumbani kwake? Ungemtafuta mwandishi umdai pesa zako. Na wewe unasoma kwa mkataba, mwanangu. Umeahidiwa kwamba fumbo litafumbuliwa. Mke wako ameahidiwa kwamba wawili watapatana. Sijui ni nani aliyeamua kwamba ahadi yako ni burudani na yake ni ugonjwa, ila najua hamkukaa pamoja kuliamua hilo.

Mkataba wenyewe umeandikwa waziwazi. Romance Writers of America, chama cha waandishi wa riwaya hizi huko Marekani, kinataja mambo mawili tu ili kitabu kihesabiwe kuwa riwaya ya mahaba: mapenzi yawe kiini cha hadithi, na mwisho uridhishe moyo na kuacha matumaini. Mwandishi akimuua mmoja wa wapenzi katika kurasa za mwisho, kitabu chake kinaweza kuwa kizuri, kinaweza hata kupata tuzo, lakini msomaji wa aina hii atajiona ametapeliwa. Mengine yote ni hiari. Ndani ya ua huo kuna riwaya za zama za kale, za mizimu, za matajiri wenye ndege zao, na kuna zinazokwenda chumbani na kukaa humo sura baada ya sura.

Tawi analolipenda mke wako ndilo tulivu kuliko yote. Mji ni mdogo. Majirani ni wambea lakini roho zao safi. Kuna duka linalokaribia kufungwa na mnyama mwenye tabia zake. Adui hana bunduki. Adui ni kiburi, au aibu, au neno lililomezwa miaka mingi iliyopita likakaa kooni. Mambo ya chumbani, mara nyingi mlango unafungwa na msomaji anabaki nje, ingawa si kila mwandishi anafunga. Na mtu hapotezi chochote kisichoweza kurudishwa baada ya hadithi kuanza. Zingatia hayo maneno, "baada ya hadithi kuanza", nitayarudia.

Msomaji akishajua wataoana, anaacha kuuliza kama. Anauliza vipi. Hawa wawili, mmoja kanuna na mwingine ana madeni, watafikaje pale? Nani ataanza kulegea? Kwa neno gani? Macho yanashuka kutoka kwenye tukio kubwa hadi kwenye vitu vidogo: mkono uliobaki juu ya meza kwa muda zaidi ya ulivyohitajika, swali ambalo mtu hakuliuliza jana na leo ameliuliza. Taharuki ipo, mwanangu, tena nyingi, ila si ya kukutoa roho. Ndiyo maana anaweza kuisoma akiwa amechoka, saa ambayo wewe na jasusi wako mngemtoa usingizi.

Na si wapenzi wa mahaba peke yao walio hivyo. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld, walichapisha jaribio ambamo waliwapa watu hadithi fupi wasome, nyingine zikiwa zimefichuliwa mwisho kabla ya kusomwa. Kwa wastani, hadithi zilizofichuliwa ndizo zilizopendwa zaidi, hata zile za mafumbo na za mwisho wa kushtukiza. Zilikuwa hadithi fupi, wala hazikuchaguliwa kwa sababu ya mahaba, kwa hiyo sitaki kuzibebesha mzigo mkubwa. Lakini zinatosha kukuondoa kwenye ile hoja kwamba anayejua mwisho hana cha kusoma. Watu wa Ugiriki ya kale nao walikwenda kutazama tamthilia za wafalme waliowajua tangu utotoni, mwisho na yote, na hakuna aliyewacheka.

Hiyo sura ya kupaka rangi rafu, uliyoileta kama ushahidi wa mashtaka, nakuapia bila kukisoma kitabu kwamba ndiyo moyo wake. Rudi uitazame. Naweka dau kwamba humo ndani seremala anatambua jambo bila kuambiwa. Labda msichana anaogopa ngazi, naye anaishika bila kusema kitu. Labda anamwachia rafu moja asiipake, kwa kuwa bibi aliandika kitu ubavuni mwake. Wewe ulikuwa unasubiri mtekaji nyara aingie kwa dirisha. Ukapitwa.

Hapo sasa nimefika kwenye swali lako la kulinganishwa. Umeniambia hujui kuzungumza kama wanaume wa vitabuni. Lakini mwanamume wa pekee uliyemsoma, kwa maelezo yako mwenyewe, haongei! Ni seremala mwenye kununa, hataki kuongea na mtu. Na wasomaji wanampenda. Tena ni aina inayopendwa mno: mnunaji na mchangamfu wakiwekwa pamoja, vitabu vya namna hiyo ni vingi kupindukia. Kinachowavuta si ufasaha wake, na wala si mabega, ingawa mabega hutajwa (waandishi hawana aibu hapo). Ni kwamba anamwona. Anakumbuka alichosema juzi. Anajua kikombe gani ni chake. Mambo ya namna hiyo hayahitaji ulimi, na umri wa kuyajifunza haupiti.

Kama anakulinganisha, hilo muulize yeye. Ila mtu ambaye kutwa nzima anatofautisha pesa zilizoingia na pesa zilizokadiriwa hawezi kushindwa kumtofautisha mume na seremala wa karatasi. Hofu ya kwamba wanawake watasoma riwaya kisha wawadharau waume zao ni ya zamani kuliko sisi sote, na inashangaza kwamba hakuna anayehofia wanaume wanaosoma ujasusi wataanza kuruka kutoka kwenye treni.

Na dharau nayo ni ya zamani. Mwaka 1856 George Eliot, mwanamke aliyekuja kuwa mmoja wa waandishi wakubwa wa Uingereza, alichapisha makala nzima ya kuzikejeli riwaya za kipuuzi za waandishi wanawake wa wakati wake. Alikuwa na hoja, maana alichokichukia ni uandishi mbovu. Mimi pia sikatai: vibovu vipo, na si vichache. Mimi binafsi sina subira na ule ugomvi wa robo ya mwisho ambao ungeisha kwa swali moja la sekunde tano, lakini hakuna anayeuliza, kwa sababu mwandishi bado ana kurasa za kujaza. Mke wako anavijua vibovu kuliko mimi na wewe. Anayesoma vingi ndiye mkali kuliko wote. Ungemuuliza ni kipi kilimkera, ungepata yale mabishano ya usiku wa manane unayoyalilia.

Sasa nirudi kwenye yale maneno, "baada ya hadithi kuanza".

Umeandika kwamba alianza kusoma vitabu hivi baada ya msiba wa mama yake. Sentensi moja, katikati ya aya, kama mtu anayetaja tarehe, kisha ukaendelea na safari. Halafu ukanisimulia kitabu ulichokisoma, ukasema msichana "amerithi duka la vitabu la bibi yake". Mwanangu, mtu harithi duka la bibi bibi akiwa hai. Kitabu ulichokisoma chote, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, ni hadithi ya mtu aliyefiwa. Anaingia kwenye nyumba yenye vitu vya marehemu, kila rafu ina mwandiko wake, na hajui avifanye nini. Anapaka rangi. Anagombana na jirani kwa sababu ya ukuta, na pengine ukuta haukuwa tatizo. Polepole anagundua kwamba anaweza kuendelea kuishi humo, na kwamba si lazima aishi humo peke yake. Wewe uliona kisa ambacho hakina tukio. Yeye, nadhani, aliona kisa ambacho tukio kubwa limeshapita kabla ya ukurasa wa kwanza, na sasa kuna mtu wa kumsaidia kubeba maboksi.

Ukianza kuvitazama kwa jicho hilo utashangaa ni vingapi viko hivyo. Duka la kurithi, nyumba ya shangazi aliyefariki (hawatuachi hai, sijui kwa nini), mjane mwenye mtoto, kaka aliyekwenda asirudi. Utulivu wa hadithi hizi umejengwa juu ya kaburi mara nyingi kuliko jalada linavyoonyesha. Kinachoahidiwa ni kwamba kuanzia hapa hatutachukua mtu mwingine. Aliyemuuguza mama yake, aliyelala na simu mkononi akiogopa italia, anaweza kuitaka sana ahadi kama hiyo, hata ikitoka kwenye kitabu chenye paka juu ya jalada.

Ninabahatisha, nakiri. Simjui mke wako. Inawezekana anapenda tu seremala. Ila kwa ile ya kulia sidhani. Aliyelia kwa sababu wawili wamepatana hakuwa anawalilia hao wawili peke yao. Kuna watu ambao wakati wa msiba wanakuwa na kazi nyingi mno: kupokea watu, kupanga, kulipa, kuwatuliza wengine. Mhasibu, tena. Machozi yao yanachelewa, na yanakuja pale kitu fulani kinapokaa sawa. Wewe ulikuwepo yalipokuja, ukauliza swali zuri kabisa, nani amekufa. Ulikaribia. Kisha ukacheka.

Sasa utani wako. Umeniandikia "ulikuwa utani tu", na "hata yeye alitabasamu". Ulitaka afanye nini mbele ya wageni wake, avunje sahani? Ulisema mbele ya watu kwamba ana wanaume wengi. Hilo peke yake lingesameheka kwa mtu mwenye moyo mkubwa. Lakini uliwasimulia pia machozi aliyoyalia chumbani kwake akidhani amelia mbele yako tu. Ndiyo maana simu inazimwa. Usiulize kwa nini amekukimbia na kwenda kwenye vitabu. Unatakiwa uulize kwa nini sasa anavisoma kwa kujificha kama mtoto aliyekatazwa. Vitabu vilikuwa mezani mwaka mzima na zaidi, vikionekana. Kilichovitoa mezani si vitabu vyenyewe.

Kuna utafiti mmoja utakaokusaidia. Mwaka 1984 msomi wa Marekani, Janice Radway, alichapisha kitabu juu ya kundi la wanawake wa mji mmoja waliokuwa wakisoma riwaya za mahaba kwa wingi. Hakuishia kuzichambua riwaya. Aliwafuata wasomaji akawauliza. Nao wakawa wanamrudisha kwenye kitendo chenyewe cha kusoma: kwamba ni saa ambayo ni yao, ambayo mtu hawadai kitu. Wengi walikuwa wake na mama, watu wa kuhudumia tangu asubuhi. Kitabu mkononi kilitangaza kwamba kwa sasa mama hayupo kazini. Na, kukukumbusha malalamiko yako, miongoni mwao walikuwepo waliotazama kwanza kitabu kinaishaje ndipo waamue kukisoma.

Radway hakuwa wa kusifu tu. Alijiuliza pia kama ahueni hiyo haimfanyi mwanamke aendelee kuvumilia mambo ambayo angepaswa kuyadai yabadilike. Ni swali halali, na nakugeuzia wewe kwa kuwa yeye hajaniandikia. Mke wako anasoma usiku. Kwa nini usiku? Mchana wake uko mikononi mwa nani? Watoto wakiamka nani anainuka? Sikutuhumu, hukuniambia. Lakini kama saa yake ya pekee ni ile ambayo nyumba nzima imelala, basi usiku huo una maelezo rahisi kuliko seremala.

Ungeniandikia kwamba halali kabisa, au ameacha kazi zake, au kila ukijaribu kuzungumza naye jambo zito anafungua kitabu usoni pako, au anakuambia "fulani wa kitabuni angefanya hivi", tungezungumza mengine, na huenda ningekuambia mtafute mshauri wa kukaa nanyi. Huzuni ya kufiwa nayo ikimzidi, akawa haoni raha ya kitu chochote, vitabu vikiwemo, hiyo ni ya kumwona mtaalamu, usingoje. Hujaandika lolote kati ya hayo.

Fanya hivi. Kwanza, omba radhi, na uiombe kama inavyoombwa kwenye vitabu vyake, maana wenzako wa kitabuni wana jambo moja wanalolijua. Karibu na mwisho mwanamume huharibu, kisha huja kuomba msamaha, na wasomaji wa riwaya hizi ni mahakimu wakali wa eneo hilo. "Samahani kama uliumia" haipiti. "Nilikuwa natania" haipiti hata mlangoni. Anayepita ni yule anayetaja alichofanya, kwa jina lake, bila kujitetea. Kwako wewe ni maneno machache: "Niliwasimulia watu kwamba ulilia. Haikuwa yangu kuisimulia. Na siku ile sikukuuliza kwa nini ulikuwa unalia." Basi. Usiongeze hotuba, usilete maua ili yaseme badala yako, na usimngoje akujibu usiku huohuo. Kama kuna wageni wale wale wanaokuja tena, wakaanzisha kicheko kilekile, wewe ndiye wa kukizima, yeye akisikia.

Pili, badilisha swali. "Unasoma nini?" kutoka kwa mtu aliyekwisha kucheka ni swali la polisi. Muulize wamefika wapi. Muulize jirani amelegea au bado. Akiwa hataki kusema, acha. Atakupima kwa muda, na ana haki. Wewe mwambie kwamba umeirudia ile sura ya rafu. Kama umeirudia kweli. Usimdanganye, atakuuliza rangi ilikuwa gani.

Tatu, mpe saa moja ya mchana. Toka na watoto, umwache na kitabu chake mezani, jalada juu.

Mama yake mtaje pia. Nakuachia uone wakati, ila umtaje kwa jina, na uwe tayari kukaa kimya baada ya hapo.

Na kuhusu kile kitabu cha maana: ukimpa "fasihi hasa" siku yake ya kuzaliwa, atasikia kila neno ambalo hukuliandika kwenye kadi. Atakapotaka mabishano ya zamani atayarudia mwenyewe, na rafu zenu mnazo. Ukitaka kumpa zawadi ya kitabu, mpe anachokipenda, lakini tahadhari. Riwaya hizi mara nyingi huja kwa mfululizo: mji uleule, kila kitabu na wapenzi wake, dada wa huyu, rafiki wa yule, na waliooana kitabu cha kwanza wanapita mtaani na mtoto kitabu cha tatu. Tafuta kwanza amefikia kipi. Ukimletea cha tano naye hajasoma cha nne, hapo hata mimi sitakutetea.